MTAKATIFU EFREMU, SHEMASI, NA HARUFU NZURI YA KANISA

Miongoni mwa Walimu wa Kanisa yuko mmoja tu aliyeandika kwa lugha ya Kisiria, ambayo ni ndugu ya karibu ya lugha aliyoisema Bwana wetu katika nyumba ya Nazareti. Naye ni Mtakatifu Efremu. Hakuwa askofu wala padre. Alipewa ushemasi, akabaki shemasi mpaka kufa. Kazi aliyoifanya maisha yake yote ni kazi wanayoijua sana walimu wetu wa vijijini: kufundisha watu dini, kuwatungia nyimbo, na kuwasimamia waimbaji kanisani. Papa Benedikto XV alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa lote mwaka 1920, na sikukuu yake huadhimishwa tarehe 9 Juni. Katika kijitabu hiki cha Yubile, ambamo twakumbuka jinsi makutaniko yetu yalivyoanza na jinsi yanavyokaa pamoja, imefaa tumweke naye, kwa sababu alikuwa na fikira juu ya maisha ya Wakristo ambayo wengi wetu hatukuizoea. Aliona kwamba kanisa hutambulikana kwa harufu yake.

Efremu alizaliwa yapata mwaka 306, katika mji wa Nisibis au karibu nao. Mji huo upo hata leo, nao huitwa Nusaybin, katika nchi ya Uturuki, mpakani mwa Siria. Zamani zile ulikuwa mpakani mwa milki mbili kubwa, ya Warumi na ya Waajemi. Wafalme hao walikuwa wamepatana kwamba biashara yote kati yao ipite hapo tu, hata sokoni mle zilionekana bidhaa za mashariki zilizotoka mbali sana. Hadithi za watu wa baadaye zasema kwamba baba yake Efremu alikuwa kuhani wa miungu, akamfukuza mwanawe kwa kuwapenda Wakristo. Walakini yeye mwenyewe katika maandiko yake aonyesha kwamba alilelewa tangu utoto katika njia ya kweli, na katika habari hiyo ni afadhali tumsadiki yeye kuliko hadithi.

Askofu wa mji alikuwa Yakobo, mtu mtakatifu, mmoja wa maaskofu waliohudhuria Mtaguso wa Nikea mwaka 325. Huyo ndiye aliyemtambua kijana Efremu na kumweka kuwa mwalimu, mwenye kufasiri Maandiko mbele ya watu. Siku zile katika nchi ya Siria hapakuwa bado na nyumba za watawa kama tuzijuazo. Palikuwa na watu, wanaume kwa wanawake, walioitwa Wana wa Agano na Binti wa Agano, nao walijifunga kukaa bila kuoa wala kuolewa, wakafunga na kusali, ila hawakuuacha mji. Walikaa katikati ya kutaniko, wakamtumikia askofu na maskini. Efremu alikuwa mmoja wao. Wachoraji wengi humchora kama mkaa pangoni aliyewakimbia watu. Lakini katika maandiko yake twamwona katikati ya watu, na kwa Efremu huyu asiyetoka katikati ya watu habari yetu yote inasimama.

Shapuri wa pili, mfalme wa Uajemi, aliutamani mji wa Nisibis, akauhusuru mara tatu, mwaka 338, na 346, na 350. Mara ya tatu ndiyo iliyokuwa kali kupita zote. Waajemi waliuziba mto upitao hapo, maji yakajaa yakauzunguka mji kama ziwa, kisha yakaupiga ukuta, sehemu kubwa ikaanguka. Watu wote wakadhani yamekwisha. Hata hivyo wenyeji wakasimama penye pengo wakapigana, na usiku na mchana wakajenga ukuta mwingine nyuma ya ule ulioanguka, mpaka mfalme akachoka akaenda zake. Efremu alikuwamo. Baadaye alitunga tenzi ambamo mji wenyewe unasema, nao unajilinganisha na safina ya Nuhu iliyozungukwa na gharika. Msomaji asidhani ni pambo la mtunzi tu. Kwa watu wale maji yalikuwa maji kweli.

Lakini mji ambao silaha haikuuweza, kalamu iliuweza. Mwaka 363 Kaisari Juliano, aliyekuwa ameiacha imani ya Kikristo, aliingia Uajemi na jeshi lake akauawa huko. Yoviano aliyemfuata, ili alitoe jeshi salama, aliutoa mji wa Nisibis kwa Waajemi kwa mapatano, na wenyeji wakaamriwa waondoke upesi. Efremu aliuona mwili wa Juliano ukilala nje ya mji, na juu ya ukuta akaiona bendera ya Waajemi. Kisha wazee, watoto na wagonjwa wakashika njia ya magharibi na vitu walivyoweza kubeba. Efremu alikuwa karibu na miaka 60. Alikuwa amefundisha katika kutaniko lile chini ya maaskofu wanne, na sasa kanisa alilolijua tangu utoto likatawanyika njiani kwa muda wa siku chache.

Akafika Edessa, mji ambao leo huitwa Urfa, akakaa huko miaka 10, ndiyo ya mwisho ya maisha yake. Edessa ulikuwa mji wa elimu na wa mabishano. Walikuwako wafuasi wa Markioni, na wa Mani, na Waario waliomkana Mwana kuwa Mungu sawa na Baba. Tena walikuwako wafuasi wa Bardaisani, mtu wa mji ule ule aliyefariki mwaka 222. Huyo alikuwa mtungaji hodari. Alitunga nyimbo 150, kwa hesabu ya Zaburi, na vijana waliziimba kwa sababu mahadhi yake yalikuwa matamu. Wakristo wenye imani sahihi waliitwa Wapaluti, kwa jina la Paluti askofu wao wa zamani, kana kwamba wao ndio kikundi cha kando. Efremu aliona uchungu sana kusikia Wakristo wakiitwa kwa jina la mwanadamu.

Akafanya nini? Aliandika vitabu vya kuwajibu wazushi, ni kweli, tena vikali. Lakini alitambua kwamba wimbo haushindwi kwa kitabu. Basi alitunga tenzi, yasemekana hata kwa mahadhi yale yale ya wazushi, akayatia maneno ya imani ya kweli. Akawakusanya Binti wa Agano, akawafundisha kuimba kanisani, yeye mwenyewe akisimama katikati yao. Jambo hili si kila mtu aliyelipenda, kwa kuwa wako waliodhani yafaa wanawake wakae kimya. Yakobo wa Serugh, mwandishi aliyefariki mwaka 521, anamsifu Efremu kwa habari hii hasa, naye atoa sababu: wanaume na wanawake walibatizwa kwa ubatizo mmoja, wakanywa kikombe kimoja, basi iweje kinywa kilichopokea wokovu ule ule kifungwe kisimshukuru aliyeuleta? Tenzi za Efremu zaidi ya 400 zimehifadhiwa hata leo, na ndugu zake Wasiria walimwita kinubi cha Roho Mtakatifu.

Katika tenzi hizo mna 15 juu ya Peponi, nazo ndizo zinazotuleta kwenye harufu. Watu wengine wakieleza habari za Peponi husema nuru, na dhahabu, na milango ya vito. Efremu naye aisema nuru, walakini kila mara hurudi kwenye manukato. Aiona Pepo kama mlima mkubwa uliozidi milima yote, hata gharika haikufika ila miguuni pake tu. Juu ya mlima huo hutoka pumzi yenye harufu nzuri, nayo huwalisha watakatifu mahali pa mkate; upepo mmoja huwashibisha, mwingine huwanywesha, kama Martha na Maria waliomhudumia Bwana. Nasi katika Kiswahili neno Peponi na neno upepo yako karibu sana. Msiria huyu angependezwa kuyasikia. Tena asema kwamba harufu ile haikai juu peke yake, bali hushuka mpaka dunia yetu iliyolaaniwa, nayo huiponya hewa yetu. Na siku ya Pentekoste, Mitume walipokuwa wamekusanyika pamoja orofani, ndipo harufu ya Peponi ilipowafikia, kwa kuwa iliyatambua makao yake. Angalieni vema: haikumfikia mtume mmoja mmoja chumbani mwake. Iliwakuta pamoja.

Kwa nini harufu? Sisi tunaokaa katika nchi za asumini na mikarafuu hatuna shida kumwelewa. Chakula kikigawanywa hupungua, na fedha vile vile. Bali harufu, mmoja ainuse au mia wainuse, kila mmoja huipata nzima. Asumini iliyopandwa uani kwa tajiri hufumbua jioni na kunukia hata njiani apitapo maskini, wala ukuta hauizuii. Macho mtu aweza kuyafumba, lakini pumzi hawezi kuizuia muda mrefu. Wakati wa kuanika karafuu katika visiwa vya Unguja na Pemba, mgeni hana haja ya kuambiwa kazi ya watu wa mahali pale. Hewa yenyewe humwambia. Waswahili husema kusikia harufu, kana kwamba pua nayo ina masikio, na kwa mtu aliyehubiri kwa nyimbo maneno hayo yanafaa kabisa: wimbo nao hugawanyika bila kupungua, nao hupenya ukuta.

Tena Efremu alijua harufu inatoka wapi. Ubani tufukizao kanisani, ambao hutoka katika miti ya nchi za Wasomali na Arabuni ya kusini, ni utomvu tu. Mti huchanjwa gome, nao hutoa matone kama machozi, yakauka, yakakusanywa. Hata hapo ukiushika mkononi haunukii sana. Ni sharti utiwe katika makaa. Mafuta vile vile hayatoki katika zeituni isiyosetwa. Juu ya mafuta Efremu alitunga tenzi kadha wa kadha, akicheza na maneno mawili ya Kisiria, mafuta na Masihi, ambayo yanatoka katika shina moja, hata mwimbaji akiyataja mafuta masikio ya watu husikia jina la Kristo. Wote mliopewa Kipaimara mnaikumbuka krisma iliyopakwa katika vipaji vya nyuso zenu. Kanisa huchanganya balsamu katika mafuta yake ili yanukie, na sababu yake ndiyo hii aliyoiimba shemasi wa Edessa: mtu aliyepakwa Kristo, jirani hana budi kumsikia.

Lakini harufu ina jambo jingine, nalo ni la kuogofya kidogo. Mwenye kukaa ndani yake huacha kuisikia. Mvuvi hasikii samaki katika nguo zake, na mwenye duka la udi hasikii udi. Vivyo hivyo katika nyumba mbovu wenyeji hawajui kama panaoza kitu. Huyo aingiaye mlangoni ndiye ajuaye kwa mara moja. Kutaniko la Wakristo nalo liko hivyo hivyo. Laweza kuimba vizuri, na kufukiza uvumba, na kujisifu, bila kujua kwamba mgeni akipita nje hupata harufu nyingine.

Hayo ndiyo yaliyotokea Edessa. Mwaka 372 njaa kali iliingia mjini ikaendelea hata mwaka wa pili. Watu wa mashamba wakaingia mjini kutafuta chakula, wakalala njiani, wakafa njiani. Na nafaka ilikuwako! Ilikuwako katika ghala za watu wenye mali, na wengi wa hao walikuwa Wakristo, waliosimama kanisani na kuzisikia zile tenzi za Peponi ambako hakuna mwenye njaa. Tufikiri kidogo hali ya mzee aliyezitunga. Alikuwa amefundisha miaka mingi kwamba pumzi ya Mungu itawashibisha watakatifu. Je, mtu akifa kwa njaa mlangoni pa kanisa huku ndani wakiimba juu ya manukato yanayoshibisha, wimbo ule ni wa nini? Mwalimu dhaifu angaliendelea kuimba. Mwingine angalivunjika moyo, akanyamaza.

Efremu hakuimba wala hakunyamaza. Paladio, aliyeandika habari za watakatifu wa jangwani miaka kama 50 baadaye, atueleza kwamba alitoka katika chumba chake kidogo alimokuwa akikaa kwa sala, akawaendea matajiri, akawakemea usoni pao kwa kuwa waliacha mali yao ioze pamoja na roho zao. Wale wakatoa udhuru, nao ni udhuru tuujuao wote: si kwamba hatutaki kutoa, bali hatumwoni mtu mwaminifu wa kumkabidhi, kwa sababu kila mtu hujitafutia faida. Efremu akawauliza wanamwonaje yeye. Hapo walishindwa, maana mji wote ulikuwa ukimjua kwa miaka 10, tena maskini, tena mgeni, asiye na kitu chake mwenyewe. Harufu ya maisha yake ilikuwa imetangulia kabla yake. Wakampa fedha.

Akazichukua akafanya kazi ya shemasi, ile ile waliyoifanya wale saba wa kwanza pale Yerusalemu. Alizungushia vizuizi mabaraza ya mji yenye nguzo, akaweka humo vitanda kama 300, akawalaza wagonjwa wa njaa, akawalisha. Waliokufa aliwazika, na waliokuwa na tumaini la kupona aliwauguza. Kila siku alihudumia wageni wa nchi na wenyeji wa mji kwa fedha aliyokabidhiwa. Mtu aliyeketi na wagonjwa 300 siku za joto, katika nchi ile, anajua ilikuwa harufu gani. Hapakuwa na asumini. Hivyo sijui kama alitunga utenzi mwingine wo wote katika miezi ile. Ila nadhani kama mtu angetaka kujua jinsi ubani unavyonukia katika makaa, mahali pa kwenda ni pale barazani.

Walimu wetu na waangalie pia jambo moja dogo. Efremu hakujenga kitu kipya. Alitumia mabaraza yaliyokuwako, na fedha iliyokuwako, na nafaka iliyokuwako. Kilichokosekana katika mji mzima kilikuwa uaminifu wa mtu mmoja wa kuviunganisha. Kutaniko lilikuwa na kila kitu isipokuwa mtu ambaye wote wangeweza kumkabidhi funguo.

Mvua ikaja, mavuno yakapatikana, na watu wakarudi makwao. Efremu naye akarudi katika chumba chake, amechoka kabisa, na baada ya muda wa mwezi mmoja tu akafariki. Ilikuwa tarehe 9 Juni mwaka 373.

Uko wasia ulioandikwa kwa jina lake, nao ulisomwa sana katika makanisa ya Siria. Wenye elimu waona kwamba mengine yaliongezwa na mikono ya baadaye, lakini Wasiria walioupokea na kuutunza walimkumbuka hivyo mwalimu wao. Humo awaomba wanafunzi wake wasimzike ndani ya kanisa wala chini ya altare, wala wasimvike nguo za thamani, bali wamzike katika kanzu yake aliyoizoea. Manukato pia ayakataa. Asema wasiupake mwili wake marashi wala viungo, kwa kuwa mwili unaooza hautayasikia. Uvumba wanaotaka kumfukizia wakaufukize mahali patakatifu mbele ya Mungu, na yeye wamsindikize kwa sala, tena wamkumbuke siku ya 30. Kisha ataka wamchukue mpaka makaburini wanapozikwa wageni na wasio na ndugu, kwa sababu yeye naye aliingia katika mji ule akiwa mgeni.